UZI: Ikoni za vichwa vya treni na mabehewa zisizo na sanduku jeupe nyuma

#1 MchoraBehewa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Karibu kila anayetengeneza behewa lake la kwanza kwa ajili ya simuleta ya treni hukutana na jambo moja. Behewa limechorwa kwa subira, rangi zimekaa vizuri, lakini likiingia kwenye orodha ya kupanga treni linatokea ndani ya sanduku jeupe. Ukiunganisha mabehewa sita unapata masanduku sita. Swali linalofuata huwa ni lile lile: "Nimefuta usuli wote, mbona weupe umerudi?"

Nimechora ikoni za treni kwa miaka kadhaa, na nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu majibu mafupi huondoa sanduku na kuacha tatizo jingine. Kufuta usuli, yaani ile sehemu ya nyuma ya picha, ni kazi ya dakika moja. Kinachochukua muda ni ukingo: zile pikseli moja au mbili ambako chuma kinaishia na uwazi unaanzia. Ikoni hupona au huharibika hapo.

Kabla hujafungua programu ya picha, jua kwanza simuleta yako inaelewa uwazi wa aina gani. Ziko mbili, na kila hatua inayofuata inategemea jibu hili.

Aina ya kwanza ni chaneli ya alfa. Kila pikseli, mbali na namba zake za nyekundu, kijani na bluu, inabeba namba ya nne kutoka 0 hadi 255. Ikiwa 0, pikseli haionekani. Ikiwa 255, imejaa. Ikiwa 128, nusu yake ni behewa na nusu ni kilicho nyuma yake.

Aina ya pili ni ya zamani zaidi, mimi huiita rangi-funguo. Mchezo umeambiwa: ukikutana na rangi hii, usiichore. Simutrans, mchezo wa usafiri, inatumia 231, 255, 255, samawati hafifu sana ambayo macho yanaweza kuidhania nyeupe. Kwenye BVE, simuleta ya kuendesha treni, matoleo ya mwanzo yalizoea bluu kamili, 0, 0, 255. OpenTTD, mchezo mwingine wa usafiri, kwa michoro yake ya rangi 256, inachukua nafasi ya 0 kwenye paleti (orodha ya rangi zenye namba) kuwa uwazi. Rangi-funguo haina katikati: pikseli ipo au haipo.

Sasa faili. JPEG haibebi uwazi wa aina yoyote, na zaidi ya hapo inabadilisha rangi kidogo kidogo ili kupunguza ukubwa, kwa hiyo hata rangi-funguo uliyoipaka kwa uangalifu haitoki jinsi ilivyoingia. GIF ilipata uwazi kwenye toleo la 1989, lakini ni rangi moja tu ya paleti inayoweza kuwa wazi. PNG, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1996, ndiyo inayobeba alfa kamili, na ndiyo ninayoitumia hata kwa michezo ya rangi-funguo kwa sababu haipotezi pikseli hata moja. Kubadilisha jina la faili kutoka .jpg kuwa .png hakubadilishi kilichomo ndani. Nalisema hili wazi kwa sababu nimeliona mara nyingi mno.

Angalia pia kama unapigania kisichowezekana. Picha ndogo ya utambulisho kwenye simuleta ya Trainz ni JPEG ya pikseli 240 kwa 180, kwa hiyo hapo hakuna uwazi wa kutafuta. Chagua usuli mzuri uendelee na mengine.

Nitaendelea na hatua zenyewe chini.

#2 MchoraBehewa

Natumia GIMP, programu ya picha, lakini Photoshop, Krita na Paint.NET zina zana zile zile kwa majina mengine. Paint ya Windows haikuwa na tabaka wala uwazi wa kuhifadhi mpaka masasisho ya 2023, hivyo mwenye toleo la zamani asihangaike nayo.

Picha ya kuanzia iwe yako: mchoro wa mkono wako, au picha ya skrini ya modeli uliyotengeneza, imepigwa ubavuni kabisa bila mtazamo wa pembe. Modeli ikiwa ya mtu mwingine, muombe ruhusa kwanza. Ikoni yako itasafiri kwenye intaneti na jina lake halitaonekana popote.

Ukiweza kuchagua usuli wakati wa kupiga, usichague mweupe. Chagua rangi isiyokuwepo kabisa kwenye behewa lakini yenye giza au mwanga unaokaribiana nalo. Kwa kichwa cha treni cha kijani kibichi iliyokoza, kijivu cha giza kinakusaidia kuliko weupe. Sababu yake nitaieleza tukifika kwenye miale, yaani ile mistari ya rangi ya usuli inayobaki ukingoni.

Fungua picha, halafu kwenye menyu ya tabaka ongeza chaneli ya alfa. Hatua hii ndiyo jibu la "mbona weupe umerudi". Tabaka lisilo na alfa, ukilifuta, linajazwa rangi ya usuli iliyochaguliwa kwenye kisanduku cha zana, ambayo kwa kawaida ni nyeupe. Likiwa na alfa, ukifuta unaona vile viraka vya kijivu kama ubao wa drafti. Viraka hivyo ni alama tu ya uwazi, havimo kwenye picha.

Kukata umbo, situmii zana ya kuchagua kwa rangi ila pale usuli ulipo sare kabisa. Natumia zana ya njia: nazungushia behewa kwa nukta, mistari inyooke juu ya paa na chini ya fremu, kisha nageuza njia kuwa uteuzi, naupindua, nafuta. Inachukua dakika kumi badala ya moja. Faida yake ni kwamba ukingo unaufuata wewe, hauamuliwi na rangi.

Usisahau matundu. Nafasi kati ya bogi mbili (fremu za magurudumu), upenyo kati ya ngazi na mwili, pembetatu zilizo ndani ya pantografu, ule mkono wa paani unaochukua umeme kwenye waya: zote ni usuli, na zote zinasahaulika kwa sababu zimezungukwa na behewa pande zote.

Fanya haya yote kwenye ukubwa mara nne au mara nane ya ikoni ya mwisho. Hifadhi faili la kazi lenye tabaka zake kama XCF, faili la GIMP yenyewe, halafu punguza nakala, wala si lile la asili.

#3 bogi_mbili

Mkuu shukrani, nimefuata mpaka hapo. Swali langu: ukubwa wa mwisho naupangaje? Mabehewa yangu mengine yanaonekana marefu kuliko kichwa cha treni, mengine mafupi, na yote nimeyaweka kwenye upana wa pikseli 128.

#4 MchoraBehewa

Hilo ndilo kosa, bogi_mbili. Ukilazimisha vyote viwe upana mmoja, kila chombo kinapata kipimo chake. Chagua pikseli kwa mita na usiibadilishe kwenye seti nzima.

Tuseme pikseli 5 kwa mita. Behewa la abiria la kawaida la Ulaya lenye urefu wa mita 26.4 linakuwa pikseli 132. Behewa la katikati la Shinkansen, mita 25, linakuwa 125. Kichwa cha dizeli cha Ujerumani cha aina ya 218, mita 16.4, ni 82 tu. Big Boy ya Union Pacific pamoja na tenda yake inakaribia mita 40.5, kwa hiyo inahitaji pikseli 202 au 203. Ukiziweka safu moja, jicho linaamini mara moja kwamba vyombo hivi vinatoka dunia moja.

Turubai, yaani eneo lote la picha, inaweza kuwa na upana mmoja kwa zote, mfano 256. Kinachotofautiana ni behewa lililomo ndani, na uwazi unajaza nafasi iliyobaki. Hiyo ni faida ya uwazi ambayo watu huisahau.

#5 Relini

Naongezea kwa hili, maana liliniumiza mimi. Msitumie ile amri ya kupunguza turubai mpaka kwenye mchoro bila kufikiri. Nilikuwa na kichwa cha umeme chenye pantografu iliyoinuliwa na kingine chenye pantografu iliyolala. Baada ya kukata, kimoja kilikuwa kirefu kwenda juu kuliko kingine, na mchezo uliviweka katikati ya mstari wima. Matokeo yake magurudumu ya kimoja yalikuwa chini ya reli na ya kingine yanaelea.

Sasa naweka mwongozo mmoja kwenye safu ile ile ya pikseli kutoka chini, ndio mstari wa reli, na kila gurudumu linaugusa. Urefu wa turubai naupanga kwa chombo kirefu kuliko vyote.

Kwa waliokwisha kukata zote kama mimi, ImageMagick, programu ya picha inayotumia amri za maandishi, inaweza kuzirudisha kwa pamoja. Kwenye folda ya nakala, si ya asili, maana inaandika juu ya faili zilizopo:

mogrify -background none -gravity south -extent 256x64 *.png

Inapanua turubai kuwa 256 kwa 64, inaweka mchoro katikati chini, na sehemu mpya inakuwa wazi.

#6 MchoraBehewa

Relini, asante sana, hiyo amri itaokoa usiku mzima wa mtu. Tahadhari moja: inafanya kazi vizuri ikiwa sehemu ya chini kabisa ya kila mchoro ni gurudumu. Ukiwa na kivuli kilichobaki chini ya magurudumu, kivuli ndicho kitakachokaa chini na behewa litapanda juu.

#7 kijani_koza

Habari wadau. Mimi sanduku limetoka, alfa ipo, PNG ipo. Lakini kichwa changu cha treni ni kijani cha giza na menyu ya simuleta ni nyeusi-nyeusi, na kuna mstari mweupe umekizunguka chote kama barafu. Nimefuta na kifutio pikseli moja moja, ukiondoka hapa unatokea pale. Nimeshafanya mara tatu, nimechoka kweli.

#8 MchoraBehewa

Pole sana. Weka kifutio chini, huwezi kuumaliza kwa mkono, na nitakuonyesha kwa hesabu kwa nini.

Picha yako ya kwanza ilikuwa juu ya usuli mweupe. Pikseli ya ukingo pale ilikuwa nusu kijani, nusu nyeupe. Tuangalie namba moja tu, ya chaneli nyekundu: kijani chako kina 20, weupe una 255. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni takriban 138. Namba hiyo ndiyo iliyohifadhiwa kwenye pikseli.

Sasa ukaukata usuli. Ukingo ukapewa alfa ya 128, yaani nusu. Mchezo unapouweka juu ya menyu yenye 30, unachukua nusu ya 138 na nusu ya 30, unapata 84. Ilitakiwa iwe nusu ya 20 na nusu ya 30, yaani 25. Tofauti kati ya 25 na 84 ndiyo barafu yako. Kama uteuzi ulikuwa mkali bila kulainishwa, hali ni mbaya zaidi: pikseli inabaki 138 kamili.

Kwa hiyo weupe haupo nyuma ya behewa. Umo ndani ya rangi ya pikseli yenyewe, na kifutio kinakula behewa bila kuutoa.

Dawa ninayoiamini ni kutenganisha rangi na alfa. Chukua tabaka lako lililokatwa, tengeneza nakala yake chini, na kwenye nakala hiyo paka kijani cha behewa kwa brashi pana kupita ukingo, hadi nje, pikseli kadhaa. Paa lipakwe rangi ya paa, fremu rangi ya fremu. Halafu chukua umbo la alfa la tabaka la juu, lipunguze kwa pikseli moja, uligeuze kuwa kinyago (mask, kinachoamua sehemu ipi ya tabaka ionekane) cha tabaka hilo lililopakwa, na tabaka la juu nalo lipate kinyago kile kile. Sasa pikseli za ukingo zina kijani halisi, na ulaini unatoka kwenye kinyago peke yake.

Ipo pia njia ya haraka: zana ya GIMP ya kugeuza rangi kuwa alfa. Unaiambia nyeupe, nayo inahesabu kila pikseli ilikuwa na weupe kiasi gani na kuuondoa. Kwa ukingo ni nzuri sana. Lakini itumie ndani ya uteuzi wa ukingo tu, upana wa pikseli mbili au tatu. Ukiiendesha picha nzima, mistari myeupe ya ubavuni, vioo na maandishi vyote vinageuka nusu-wazi, na hutagundua mpaka uvione juu ya usuli mweusi.

Ndiyo maana nilisema kwenye #2 usichague usuli mweupe. Kijivu cha giza kingechanganyika na kijani chako, na makosa yangekuwa madogo kiasi kwamba usingeyaona.

#9 kijani_koza

Nimeelewa sasa. Naenda kujaribu njia ya vinyago, nitaleta jibu.

#10 Pak64

Mkuu MchoraBehewa, sisi wa Simutrans ulaini huo wote unatuletea matatizo. Nilichora tramu, nikapunguza kutoka ukubwa mara nane kama ulivyosema, nikapaka usuli 231, 255, 255. Kwenye mchezo ina madoa ya samawati pembeni yote.

#11 MchoraBehewa

Uko sahihi, na nilitakiwa kulitenganisha hili mapema. Kwa rangi-funguo mpangilio unageuka.

Kilichokutokea ni kwamba ulipaka usuli kabla ya kupunguza, na programu ikachanganya samawati na tramu kwenye ukingo. Pikseli zenye 200, 220, 220 si 231, 255, 255, kwa hiyo mchezo unazichora kama zilivyo. Rangi-funguo inataka namba kamili, haisamehe hata moja.

Fanya hivi: kata na upunguze ukiwa na alfa, bila usuli wowote. Baada ya kupunguza, tumia zana ya kizingiti cha alfa, ile inayolazimisha kila pikseli iwe imejaa au wazi kabisa. Kisha, na hapo tu, weka tabaka la rangi-funguo chini na uunganishe tabaka. Kuanzia hapo tumia penseli, usiguse brashi, kwa sababu brashi hulainisha ukingo wake yenyewe.

Ukingo utaonekana wa ngazi-ngazi. Ukubali, kisha uupange kwa mkono: ngazi za paa la mviringo ziwe na mpangilio, mfano pikseli 6, 3, 2, 1, zisirukeruke. Kwa kweli napenda sana kazi hii. Paa lililopangwa hivyo linaonekana la mviringo bila pikseli hata moja ya katikati.

#12 fremu_nne

Kwa OpenTTD niongeze mambo matatu. Ukibadilisha picha kwenda paleti ya mchezo, zima ule unyunyizaji wa rangi (dithering), la sivyo ubavu wa behewa unajaa vitone. Nafasi ya 255, ile nyeupe kamili, usiitumie kwenye mchoro. NML, zana ya kutengeneza nyongeza za OpenTTD, itakupa onyo. Na nafasi za 198 hadi 205 ni za rangi ya kampuni, kwa hiyo bluu iliyoangukia humo kwa bahati mbaya itabadilika kila mchezaji akibadilisha rangi yake. Kwa anayetaka behewa libadilike, hizo nane ndizo zana zake.

Na kwa BVE: kichwa cha treni cha bluu kamili kitatoboka. Sogeza rangi ya mwili iwe 0, 0, 254. Hakuna jicho litakaloona, lakini mchezo utaona.

#13 Relini

Vipi vioo? Mimi vyangu nimeviweka alfa ya 90 ili usuli upite kidogo. Kwenye treni halisi unaona upande wa pili kupitia madirisha.

#14 MchoraBehewa

Hapa tutatofautiana. Kwenye modeli ndani ya simuleta, nakubaliana nawe kabisa. Kwenye ikoni, naviweka vimejaa: kijivu cha giza chenye mstari mmoja wa mwanga. Nyuma ya ikoni hakuna mandhari, kuna menyu, na mchezaji akigusa safu ikageuka ya manjano, madirisha yako yote yanawaka manjano na behewa linapoteza uzito. Pia kwenye rangi-funguo nusu haipo, kwa hiyo anayetaka seti moja ifanye kazi kote ajaze vioo.

#15 Relini

Kwangu menyu ni ya kijivu siku zote na inapendeza. Nitabaki na 90.

#16 bogi_mbili

Pantografu yangu inapotea. Kwenye ukubwa mkubwa ni nzuri, nikipunguza inabaki ukungu wa kijivu juu ya paa.

#17 MchoraBehewa

Haiwezi kubaki, bogi_mbili. Bomba la pantografu lenye unene wa sentimita 4, kwa pikseli 5 kwa mita, ni sehemu ya tano ya pikseli. Programu inalipa alfa ya takriban 51 kati ya 255, na huo ndio ukungu unaouona. Ifute yote baada ya kupunguza, uichore upya kwa penseli, pikseli moja, rangi ya giza iliyojaa. Itakuwa nene kuliko kweli, na itasomeka.

Magurudumu hali kadhalika. Gurudumu la kipenyo cha mita moja ni pikseli 5, spoku haziingii humo. Hata magurudumu makubwa ya Big Boy, kipenyo cha sentimita 173, ni pikseli 8 au 9. Chora duara la giza, doa la mwanga katikati, na acha uwazi halisi kati ya gurudumu na gurudumu. Nafasi hizo wazi ndizo zinazolifanya jicho lione magurudumu.

Na kivuli chini ya behewa, mimi sikiweki kwenye ikoni. Anayekitaka akiweke kwenye tabaka lake, alfa isizidi 80, chini ya mstari wa reli, na aikumbuke tahadhari ya #6.

#18 kijani_koza

Wakuu nimerudi. Barafu imekwisha! Njia ya vinyago imefanya kazi kwenye mwili wote. Imebaki sehemu moja tu, chini ya bafa (vizuizi vya mgongano) za mbele, weupe wa pikseli tatu hivi.

#19 MchoraBehewa

Safi sana, nimefurahi. Hiyo sehemu ni tundu kati ya bafa na fremu, halikukatwa mwanzoni. Usuli wa zamani bado umo.

Kwa kulithibitisha, na kwa kila ikoni kabla hujaipandisha: weka tabaka tatu chini ya mchoro, nyeusi, nyeupe na majenta, uwashe moja moja huku umekuza picha kwa asilimia 400. Nyeusi inaonyesha miale myeupe, nyeupe inaonyesha miale ya giza, na majenta inaonyesha matundu yaliyosahaulika na sehemu za mwili zilizotoboka bila kukusudia. Kisha zima zote tatu kabla ya kutoa PNG, maana tabaka lililowashwa linaingia kwenye faili na sanduku linarudi.

#20 kijani_koza

Majenta imenionyesha tundu la bafa na lingine chini ya ngazi ya dereva ambalo sikulijua. Yote yamekatwa. Naanza behewa la pili leo, usuli kijivu cha giza.